Siku Seneti Ilipompa Caligula Kila Kitu

Tarehe 28 Machi mwaka 37 baada ya Kristo, kijana wa miaka 24 aliingia Roma akisindikiza maiti ya Kaizari Tiberius. Alivaa nguo za msiba, lakini njia nzima kutoka Misenum watu walimlaki kwa mienge na kafara, wakimwita nyota yao, kifaranga chao, mwana waliyemlea wenyewe. Seneti ilipokaa kumpokea, umati ukasukuma milango ukaingia ukumbini. Katika kikao hicho wasia wa marehemu ulibatilishwa, na kijana yule akakabidhiwa haki na uamuzi juu ya mambo yote ya dola. Haikutimia miaka minne. Tarehe 24 Januari mwaka 41 walinzi wake mwenyewe walimuua kwa panga katika ujia wa kasri lake, wakimchoma mara thelathini hivi. Mkewe aliuawa baada yake, na binti yao mdogo akabamizwa ukutani.

Huyo ni Gaius, anayejulikana duniani kwa jina la utani la Caligula. Wengi humkumbuka kwa farasi wake, karamu zake, wanawake na damu, kisha hufunga mjadala kwa neno moja: kichaa. Kwangu mimi neno hilo linawaachia watu wengi mno watoke mlangoni bila kuulizwa. Ndani ya kisa hiki yumo mtu mmoja mkatili, na wamo mamia ya watu wenye elimu, mali na vyeo ambao kila alipopiga hatua walimpigia kura. Hao nao wanastahili kutazamwa.

Mtoto wa kambini

Gaius alizaliwa Antium tarehe 31 Agosti mwaka 12. Baba yake, Germanicus, alikuwa jemadari aliyependwa kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mama yake, Agrippina, alikuwa mjukuu wa Kaizari Augustus. Mtoto alilelewa katika kambi za mto Rhine, akavalishwa viatu vidogo vya kijeshi, na askari wakampa jina la utani kutokana na viatu hivyo.

Mwaka 19 Germanicus alifariki Antiokia, na watu wengi waliamini amelishwa sumu. Baada ya hapo nyumba ile ilibomolewa mtu mmoja mmoja. Mwaka 29 Agrippina alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Pandateria, na huko akafa mwaka 33. Kaka mkubwa alifia kisiwani Pontia. Kaka wa pili alifungwa ndani ya kasri la Roma na kunyimwa chakula hadi akafa. Nyuma ya misiba hiyo alikuwepo Tiberius, yule Tiberio Kaisari anayetajwa katika Injili ya Luka. Na mwaka 31 Tiberius huyo huyo alimwita Gaius aje kuishi naye katika kisiwa cha Capri.

Kijana alikaa pale miaka sita bila kuuliza habari za mama yake wala kaka zake. Watu wa nyumba ile walimchokoza ili aropoke neno la kumponza, wasilipate. Baadaye msemaji mmoja hodari, Passienus, alisema kwamba hapajapata kuwapo mtumwa bora wala bwana mbaya kuliko huyu.

Nawaomba wasomaji wasipite haraka hapo. Gaius alifika kwenye kiti akiwa hajawahi kuongoza jeshi wala jimbo. Cheo pekee cha maana alichokuwa amepitia ni ukwesta, ngazi ya chini kabisa ya wanaoelekea Seneti. Somo alilohitimu lilikuwa moja, kwamba mwenye nguvu huua anayemtaka, na wanaobaki hai ni wale wanaotabasamu.

Zawadi ya kikao kimoja

Augustus hakupata mamlaka yake kwa siku moja. Alikusanya kipande kimoja mwaka 27 kabla ya Kristo, kingine mwaka 23, ukuhani mkuu mwaka 12, na heshima ya kuitwa baba wa taifa mwaka wa 2, na kila mara akijifanya anarudisha kitu kwa watu. Hila hiyo ilikuwa na faida yake: kila hatua ilimlazimu kushauriana, kusubiri na kusoma nyuso za watu. Tiberius naye alipochukua nafasi alikuwa mzee wa miaka 54 aliyekwisha kupigana vita nyingi.

Kwa Gaius vipande vyote vilifungwa kitita kimoja akapewa mara moja. Wasia wa Tiberius ulikuwa umetaja warithi wawili, Gaius na Gemellus, mjukuu wa damu wa Tiberius ambaye bado alikuwa mvulana. Mkuu wa walinzi wa kaizari, Macro, alikwisha kupanga mambo: aliwaapisha walinzi na kuandika barua kwa wakuu wa majeshi na magavana, na Seneti ikapigia mhuri jambo lililokwisha kuamuliwa na wenye silaha. Ndipo ikaongeza ya kwake. Konsuli, wenye cheo cha juu kabisa katika Seneti, walipoleta hoja barazani walitakiwa kuwataja Gaius na dada zake katika dua ya ufunguzi, na kiapo kikatungwa cha kusema kwamba mtu hatajipenda yeye wala watoto wake kuliko anavyompenda Gaius na dada zake.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya neema. Alitangaza kwamba ameziteketeza hadharani hati za mashtaka yaliyowaua mama na kaka zake. Aliwarudisha waliokuwa uhamishoni, akafuta kesi za uhaini, na mara mbili akagawa sesterti 300, sarafu za Kirumi, kwa kila mwananchi. Agrippa, mjukuu wa Herode Mkuu, ambaye Tiberius alimtia pingu kwa sababu ya kuombea hadharani Gaius atawale, alitolewa gerezani akapewa mnyororo wa dhahabu wenye uzito sawa na ule wa chuma aliofungwa. Inasemekana wanyama zaidi ya 160,000 walichinjwa kwa shukrani katika miezi mitatu ya mwanzo.

Mwezi wa Oktoba aliugua karibu kufa. Mji mzima ulikesha, na hapo vilemba vya ukoka vikaanza kugharimu roho. Afranius Potitus aliapa kutoa uhai wake Gaius apone. Mwingine, Atanius Secundus, mtu wa tabaka la wapanda farasi, matajiri walio chini ya maseneta, aliapa kupigana uwanjani kama gladieta. Bila shaka walitarajia zawadi. Gaius alipona, akadai ahadi zitimizwe: mmoja akapigana hadi akashinda, mwingine akapambwa kama mnyama wa kafara, akatembezwa mitaani na kurushwa kutoka juu ya ngome.

Si kweli, basi, kwamba ugonjwa ulimgeuza mtu mwema kuwa mnyama. Madaktari wa karne hizi mbili wametaja kifafa, tezi la shingo na mengine mengi, bila kuwa na mwili wa kupima. Ninachokiona mimi ni mtu aliyekuwa karibu na kifo akaona jinsi watu walivyojipanga kumrithi. Alipoamka alianza na wale waliokuwa na nafasi ya kumwekea mpaka. Gemellus alilazimishwa kujiua. Silanus, baba wa marehemu mke wake wa kwanza, naye vivyo hivyo. Mwaka 38 zamu ikamfikia Macro, yule aliyemweka kitini. Seneti haikuhoji kifo hata kimoja.

Fedha

Tiberius alikuwa bahili, na aliacha hazina ya sesterti milioni 2,700 kwa hesabu ya Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari. Ili tuelewe ukubwa wake: askari wa kawaida wa legioni, kikosi kikuu cha jeshi la Roma, alilipwa sesterti 900 kwa mwaka. Suetonius anasema Gaius aliimaliza kabla mwaka haujaisha. Seneca, mwanafalsafa aliyeishi mjini wakati huo, anataja mlo mmoja uliogharimu sesterti milioni kumi, yaani mishahara ya mwaka mzima ya askari zaidi ya elfu kumi na moja.

Sehemu ya fedha ilikwenda kwenye mambo yaliyodumu. Mwaka 38 alianzisha mifereji miwili mikubwa ya kuleta maji Roma, iliyokamilishwa na mrithi wake mwaka 52. Mnara wa jiwe moja unaosimama leo katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikani, ni yeye aliyeusafirisha kutoka Misri, kwa meli iliyojazwa dengu ili mnara usiyumbe. Lakini mwaka 39 alitandaza merikebu katika ghuba baina ya Baiae na Puteoli, zaidi ya kilomita tano, akamwaga udongo juu yake ikawa barabara, kisha kwa siku mbili akapita huku na huko kwa farasi na kwa gari, akiwa amevaa dirii iliyodaiwa kuwa ya Aleksanda Mkuu. Merikebu zilizokusanywa zilikuwa pia za nafaka. Kwa mwanahistoria Cassius Dio, njaa kali iliyoikumba Italia ilitokana na upungufu wa vyombo hivyo, na Seneca anasema Gaius alipouawa, ghala za mji zilikuwa na chakula cha siku saba au nane tu. Hapo hasira inanipanda kuliko kwenye habari zote za karamu. Mla karamu anamaliza fedha za hazina. Mwenye kuzuia merikebu za ngano anamnyima maskini mkate wake.

Kuna watu wanaodhani anasa hizi zimetiwa chumvi zote. Mwaka 1928 serikali ya Italia ilianza kupunguza maji ya ziwa Nemi, kusini mwa Roma, na hadi 1932 merikebu mbili zilikuwa zimetolewa, kila moja ikiwa na urefu wa mita sabini na kitu. Zilikuwa na sakafu za mawe ya rangi, mapambo ya shaba, na mabomba ya risasi yaliyochapwa jina la Gaius. Ziwa lenyewe ni dogo, na vyombo vile havikuwa na mahali pa kwenda. Viliteketea kwa moto usiku wa tarehe 31 Mei 1944, wakati wa vita.

Hazina ilipokauka zikaja kodi: juu ya vyakula vinavyouzwa mjini, juu ya kila kesi mahakamani, sehemu ya nane ya ujira wa mpagazi kwa siku, na sehemu ya mapato ya malaya. Watu walipodai sheria ibandikwe waisome, ilibandikwa kwa maandishi madogo mahali finyu ili isinakilike. Matajiri nao walinyonywa kwa minada. Katika mnada mmoja seneta Aponius Saturninus alisinzia, kichwa kikawa kinaanguka mbele, na Gaius akamwambia mnadi asiache kumtazama bwana yule anayetikisa kichwa. Alipoamka alikuwa amenunua magladieta 13 kwa sesterti milioni tisa.

Nini cha kuamini

Suetonius aliandika miaka themanini hivi baada ya kifo cha Gaius, Dio karibu karne mbili, na sehemu ya mwanahistoria Tacitus kuhusu utawala huu imepotea. Walioishi wakati wenyewe na maandishi yao yakatufikia ni Seneca na Philo, msomi wa Kiyahudi wa Aleksandria, na wote wawili walimchukia.

Ndiyo maana ukimya wao una uzito. Tuhuma kwamba alilala na dada zake haimo kwa Seneca wala kwa Philo, watu ambao wangeitumia kwa furaha kama ingekuwa inasemwa mjini. Farasi Incitatus alikuwa na zizi la marumaru na hori la pembe za ndovu, lakini hakupata kuwa konsuli. Suetonius mwenyewe anasema tu kwamba ilivumishwa kuwa Gaius alikusudia hivyo. Naamini zaidi kwamba ulikuwa mzaha wa kuwachoma maseneta, kuwaonyesha cheo wanachokiwania kinaweza kuvaliwa na mnyama. Habari ya askari kuamriwa kuokota kombe ufukweni, kando ya bahari inayotazama Uingereza, imefasiriwa kwa namna nyingi, siijengei hoja.

Mauaji na mateso ni jambo jingine, kwa kuwa Seneca anataja majina. Pastor alikuwa mtu wa tabaka la wapanda farasi. Mwanawe alifungwa kwa sababu ya unadhifu wa mavazi na nywele zake. Baba alikwenda kumwombea, na kama vile amekumbushwa, Gaius akaamuru kijana auawe. Siku hiyo hiyo akamwalika Pastor chakulani. Akamwekea mtu wa kumtazama, akampelekea mvinyo, marashi na mashada ya maua. Mzee yule akanywa, akajipaka, akavaa shada, akala kama mtu aliyekuja harusini, siku ya kumzika mwanawe. Seneca anauliza kwa nini, na anajibu mwenyewe: alikuwa na mtoto mwingine.

Nimesoma habari nyingi za utawala wa mabavu, na sijaona inayoueleza vizuri kuliko hii. Gaius hakuhitaji kumpiga Pastor. Alihitaji tu kujua jina la mtoto wa pili.

Mwingine ni Julius Canus, mwanafalsafa. Gaius alimwambia amekwisha kuamuru auawe, naye akajibu, "Nakushukuru, mtawala mwema." Alikaa siku kumi akisubiri. Akida alipokuja kumchukua alimkuta akicheza mchezo wa kete. Canus akahesabu kete zake, akamwambia mwenzake asije akasema uongo kwamba ameshinda, kisha akamgeukia akida: "Utakuwa shahidi kwamba nilikuwa mbele kwa kete moja."

Siku Gaius aliposema kweli

Tukio ninaloliona kuwa moyo wa kisa hiki ni la mwaka 39. Gaius aliingia Seneti na kutoa hotuba ambayo Dio ameihifadhi. Alianza kumsifu Tiberius, ambaye maseneta, pamoja na yeye mwenyewe, walikuwa wakimtukana kwa miaka miwili. Mimi, aliwaambia, ni kaizari na ninaweza kumlaumu aliyenitangulia. Ninyi mnafanya kosa kumsema vibaya aliyekuwa mtawala wenu. Kisha akawasomesha hati za kesi za zamani, zile zile alizodai kuziteketeza. Jina kwa jina ikaonekana nani alishtaki, nani alitoa ushahidi, nani alipiga kura ya kifo. Waliowaua maseneta wakati wa Tiberius walikuwa maseneta.

Mlimharibu yeye kwa sifa zenu, akawaambia, mkamharibu na Sejanus, mkuu wa walinzi wake, kisha mkawaua watu wake. Nami sitarajii jema kutoka kwenu. Akatangaza kurudisha kesi za uhaini, amri yake ichongwe kwenye nguzo ya shaba, akatoka mbio ukumbini.

Siku ile hawakuweza kusema kitu kwa hofu. Kesho yake walikutana tena, wakamsifu kwa ukweli wake na utu wake, wakamshukuru kwa kuwaacha hai. Wakaazimia kwamba kila mwaka, siku ile aliyoisoma hotuba, kafara itolewe kwa heshima ya huruma yake.

Mtu aliyefanya hesabu baridi namna ile, akaweka hati miaka miwili hadi siku ya kuzitumia, hakuwa amepoteza akili. Alikuwa amewaelewa. Nao walipojibu kwa kafara, walimthibitishia kila neno.

Baada ya hapo heshima haikuwa na kikomo. Konsuli mmoja alionekana karamuni akiinama kuibusu miguu yake. Lucius Vitellius, gavana mstaafu wa Siria, alijiangusha kifudifudi mbele yake. Gaius alipomuuliza kama anamwona mungu wa kike Mwezi akiongea naye, akajibu kwamba ninyi miungu tu ndio mnaoweza kuonana. Mapema zaidi, Drusilla, dada aliyempenda kuliko wote, alipofariki mwaka 38, seneta Livius Geminus aliapa kuwa amemwona kwa macho akipaa mbinguni, akalipwa sesterti milioni moja.

Na siku nyingine Protogenes, mtu wa Gaius aliyetembea na madaftari mawili, moja likiitwa Upanga na jingine Jambia, aliingia Seneti. Wote wakamkimbilia kumsalimu. Akamtazama Scribonius Proculus na kumuuliza anawezaje kumsalimu yeye ilhali anamchukia kaizari. Wenzake wakamzunguka, wakamchoma kwa kalamu zao za chuma na kumrarua pale pale. Gaius hakuwa amegusa mtu.

Liwali aliyechelewesha

Wapo wanaosema watu wale hawakuwa na njia nyingine. Publius Petronius, gavana wa Siria, anatoa jibu.

Wayahudi wa Jamnia, mji wa Uyahudi, walikuwa wameivunja madhabahu iliyojengwa kwa ajili ya Gaius. Yeye akaamuru sanamu yake kubwa isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu, na Petronius aende na nusu ya jeshi la Siria kulisimamia jambo hilo. Gavana alifika Ptolemais akakutana na maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, bila silaha. Walimwambia kwamba hawatapigana naye, bali watakufa kwanza. Waliacha kulima msimu wa kupanda.

Petronius aliwaambia mafundi wa sanamu wasiharakishe. Alimwandikia Gaius kwamba mavuno yatapotea na kodi haitapatikana, hoja ambayo mtawala mwenye hazina tupu angeielewa. Aliwarudisha askari. Mjini Roma, Agrippa, yule wa mnyororo wa dhahabu, ambaye katika Matendo ya Mitume sura ya 12 ndiye Herode aliyemuua Yakobo, alimsihi rafiki yake aache, na kwa muda Gaius alilegeza amri. Baadaye alimwandikia Petronius ajiue. Barua hiyo ilicheleweshwa na tufani baharini. Habari za kifo cha Gaius zilimfikia Petronius siku 27 kabla yake.

Wakati huo huo Philo aliongoza ujumbe wa Wayahudi wa Aleksandria waliochomewa nyumba na kuuawa katika ghasia za mwaka 38. Gaius aliwapokea katika bustani akiwa anakagua majengo. Alikwenda chumba hadi chumba akiagiza madirisha na picha, nao wakimfuata nyuma. Ghafla akawauliza kwa nini hawali nguruwe. Waliomzunguka wakaangua kicheko kikubwa. Philo, mzee msomi aliyebeba damu ya watu wake, anakitaja kicheko hicho kwa uchungu, na nakubaliana naye, kwa maana wale wacheshi walijua hasa wanamfurahisha nani.

Ujia wa Palatino

Mwaka 39 njama ya kwanza ilifichuliwa. Gaetulicus, mkuu wa majeshi ya Rhine, aliuawa, pamoja na Lepidus, mume wa marehemu Drusilla. Dada wawili waliobaki, wale wa kiapo, walipelekwa visiwani.

Aliyemuua hatimaye alikuwa Cassius Chaerea, ofisa mzoefu wa walinzi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na kila alipokwenda kuchukua neno la siri la zamu, Gaius alimpa maneno ya aibu, askari wakamcheka. Pia alikuwa ametumwa kumtesa mwigizaji aliyeitwa Quintilia ili amtaje seneta mmoja. Mwanamke yule alivunjwa mwili bila kusema kitu, na Chaerea hakuweza kulisahau. Siku ya michezo ya Palatino, kilima cha kasri, karibu na adhuhuri, Gaius alitoka kwenda kuoga na kula, akapita ujia mwembamba kuwatazama vijana waliotoka Asia kuja kuimba. Chaerea alipiga pigo la kwanza. Walinzi wa Kijerumani, waliompenda, walikimbia huku na huko wakiua waliowakuta, maseneta kadhaa wakiwamo.

Jioni hiyo Seneti ilikutana kwenye kilima cha Kapitolini. Neno la siri la usiku lilitolewa na konsuli, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa muda mrefu, nalo lilikuwa: Uhuru. Konsuli Sentius Saturninus alihutubu kwa ari juu ya udhalimu na juu ya watu waliouzoea. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasimulia kwamba akiwa bado anazungumza, seneta mwenzake, Trebellius Maximus, aliruka akamvua pete kidoleni, kwa kuwa jiwe lake lilichongwa sura ya Gaius.

Walinzi walikuwa na shughuli nyingine. Kaizari akikosekana, ajira yao imekwisha. Mmoja wao alimkuta Claudius, ami yake Gaius, amejificha kasrini nyuma ya pazia, wakambeba hadi kambini. Aliwaahidi sesterti 15,000 kila mmoja. Umati nje ya Seneti ulidai mtawala mmoja, na ndani ya ukumbi baadhi ya maseneta wakaanza kujipigia debe wapewe kiti wenyewe. Asubuhi ya pili askari wa mji walikwisha kuhamia kwa Claudius, na Seneti ikampa mamlaka yale yale. Chaerea aliuawa kwa amri yake.

Seneti ilitaka kuilaani rasmi kumbukumbu ya Gaius. Claudius alizuia, ila aliondoa sanamu usiku. Miaka miwili baadaye waliazimia sarafu za shaba zenye sura yake ziyeyushwe.

Mwishoni mwa mwaka 69, baada ya Nero na vita vya wenyewe kwa wenyewe, Vespasian alipopata kiti, sheria ilitungwa kuorodhesha mamlaka yake. Bamba la shaba lenye sehemu ya mwisho ya sheria hiyo liko katika Makumbusho ya Kapitolini, Roma. Linampa kaizari haki ya kufanya chochote anachokiona kuwa cha manufaa kwa dola, kama walivyokuwa nayo Augustus, Tiberius na Claudius. Jina la Gaius limerukwa.